Pasi ya Harusi na Ukungu wa Ibaba

Jumapili iliyopita, hapa kanisani kwetu Isansa, binti mmoja aliketi benchi la mbele yangu, nami mahubiri yote nikayasikia kwa pua. Nywele zake fupi zilikuwa zimepigwa pasi asubuhi ile, na zilinuka kama kuku anayebabuliwa manyoya. Mchungaji alikuwa akihubiri juu ya moto wa milele. Wenzangu walilazimika kuukisia tu. Mimi nilikuwa nao hapo mbele, umepakwa mafuta ya kung'aa na kubanwa kibanio cha kipepeo.

Baada ya ibada nilimwita, nikamuuliza pasi aliiweka kwenye moto wa kiasi gani.

"Ule wa mwisho, bibi," akajibu kwa furaha.

"Kwa nini wa mwisho?"

"Si ndio upo?"

Basi nimeona niandike. Saluni yangu ya Tunduma nimeshaifunga, sasa ninahudumia mibuni ya kahawa, na mibuni haitaki kunyooshwa. Lakini maarifa hayastaafu pamoja na mwenyewe. Yananikaa kooni kila nikiona kichwa cha binti kinatoa moshi. Ninyi mnaoshika pasi siku hizi, na ninyi mnaowakalia vitini wanaoshika pasi, nivumilieni kidogo. Sisi tuliwavumilia wateja.

Nianze na majina ya vitu, maana hapo ndipo ninapochekea. Mnasema mtu "amerudi natural", na mnasema kwa sauti ya mtu aliyetoka hija. Mnapiga picha, mnawekeana mitandaoni, mnapongezana. Wakati wangu mwanamke mzima mwenye nywele fupi zisizo na dawa alikuwa mmoja kati ya wawili: mwanafunzi au mfiwa. Ukimwona hivyo unamuuliza yuko kidato cha ngapi au unampa pole. Nywele ni zile zile zilizoota kichwani mwa bibi yake, ila sasa zina wafuasi.

Sicheki kwa ubaya. Ninazipenda kuliko mnavyodhani. Ila nimekula mkate wa kuzinyoosha maisha yangu yote, na mtu wa hivyo akianza kuzisifia ni lazima ajicheke mwenyewe kwanza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mwanamke wa Mlowo, Dada Eliza, aliyekuwa na kibanda nyuma ya maduka, pale malori ya mahindi yanapopakia. Pasi za umeme hazikuwa zimetufikia. Tulikuwa na kitana cha chuma chenye mpini wa mti, tunakilaza juu ya jiko la mkaa mpaka kipate moto. Dada Eliza hakuwa na kipimo chochote cha joto, wala hakukitafuta. Alikuwa na kitambaa cheupe cha pamba. Kitana kikitoka jikoni, anakibana kwanza ndani ya kitambaa na kuhesabu pumzi moja. Kitambaa kikibaki cheupe, kitana kinaenda kichwani. Kikiacha alama ya rangi ya chai, kitana kinasubiri. Na kitambaa chenyewe jioni hakukifua; alikitundika ukutani, wateja wa kesho wakakisoma kama matokeo ya mtihani. Siku nilipoanza kazi nilikiharibu chote, kikawa kama ngozi ya chui. Dada Eliza hakunigombeza. Alikitundika hivyo hivyo, na kila mteja akaingia, akakitazama, akanitazama, akasema yeye anamsubiri Dada Eliza.

Hicho ndicho chuo nilichosoma. Mpaka leo, na pasi zenu zinazowaka taa za rangi, kitambaa cheupe kinajua zaidi. Taa inakuambia pasi inadhani ina joto gani. Kitambaa kinakuambia unywele utakutana na nini.

Baadaye ikaja dawa ya kunyoosha nywele, nami nikahamia Tunduma kuifuata, maana dawa iliingia kupitia mpakani pamoja na kila kitu kingine. Wateja wangu nusu walikuwa wa kwetu, nusu walivuka kutoka Nakonde. "Mulishani, bamayo," nawasalimia, wanacheka Kibemba changu, wanaketi. Dawa ile ilikuwa inawasha. Mteja anasema, "Anti Roda, inachoma," nami najibu, "Vumilia, ndiyo inafanya kazi." Tuliambiana hivyo miaka na miaka, tukiwa na nyuso za watu wenye akili timamu. Tukapaka, tukaosha, nywele zikalala chini kama nyasi zilizokanyagwa, na kila mtu akaenda nyumbani akiwa mrembo na kidonda nyuma ya sikio.

Halafu wale wale wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakitaka kuacha dawa. Hapo kazi ikawa tamu na ngumu. Mtu anayeacha dawa anakuwa na nywele mbili kichwa kimoja: chini zinaota zake, nene, za kujikunja, juu zimebaki za dawa, nyembamba, zimelala. Zinakaa pamoja kama wake wenza, na pale zinapokutana ndipo zinapokatika. Usichane kavu hapo. Loweka kwanza, pitisha vidole kabla ya chanuo, na kila baada ya muda punguza ncha za dawa mpaka ziishe. Mwenye moyo mgumu anakata zote siku moja, analia, kesho yake ananawa uso mpaka kisogoni na kusahau kilio.

Vero alikuwa wa kukata siku moja. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa chenyewe ndicho hiki.

Vero alikuwa na meza ya viatu vya mitumba sokoni Tunduma. Dawa na rasta za kuvutwa zilikuwa zimemla pembeni mwa paji la uso, kulia na kushoto, mpaka ngozi ikang'aa. Alipokuja kwangu alikuwa anafunga kilemba hata jua likiwa kali. Tulikata zote. Tangu hapo tukazilea pamoja: kuosha kwa maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo tu. Tunduma usipake mafuta mazito, vumbi la malori linayapenda, kufikia saa sita mchana kichwa kimekuwa barabara ya changarawe. Tukafunga kwa uzi mweusi zilegee, hatukuvuta. Masika ya kwanza zikaota pembeni, laini kama za mtoto. Masika ya pili zikawa za urefu wa kidole, na Vero akaacha kilemba. Siku aliyokiacha alikuja saluni bila shida yoyote, akaketi tu, akajitazama kwenye kioo. Nilifurahi kama vile zimeota kwangu.

Kisha akachumbiwa. Kijana anaitwa Asajile, kwao Ibaba, kule juu milimani Ileje. Na Vero alikuwa na shangazi.

Shangazi Skola alimlea Vero tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mnunuzi wa mahindi Mlowo, mwanamke ambaye akiita, dereva wa lori anasimama kabla hajajua ni yeye anayeitwa. Akaja saluni kwangu wiki ya harusi, akazungukia nyuma ya kiti cha Vero, akakitazama kichwa kile kama gunia lenye mchanga ndani.

"Dada Roda, mimi na wewe ni watu wazima. Hiki ni kichwa cha kupeleka ukweni?"

"Ni kizuri, Shangazi. Kina afya."

"Afya wataiona hospitali. Mimi nataka zinyooke. Zimwagike. Wasiseme tumewapelekea mtoto wa shule."

Vero akatazama mikono yake. Mtu aliyekulea humjibu kirahisi, hasa wiki anayokutafutia vyombo. Tukakubaliana pasi, siku yenyewe alfajiri, kisha gari lipande Ibaba. Shangazi alipokuwa anatoka alinivuta mlangoni, akaninong'oneza: "Piga moto wa kutosha. Kule kuna ukungu. Hakikisha hazirudi."

Nikarudi ndani. Vero akanishika mkono, macho yamejaa. "Anti, nizinyooshe ili shangazi afurahi. Ila nakuomba, nywele hizi nimezilea. Hakikisha zinarudi."

Basi nikabaki na kazi ya watu wawili juu ya kichwa kimoja. Na hapa wanangu mnielewe, maana wengi wenu hamjui tofauti. Nywele za asili zikipigwa pasi kwa moto wa kiasi, zikionja maji zinajikunja tena, kama hakikutokea kitu. Huko ndiko kurudi. Zikipigwa moto wa kupindukia, mkunjo wenyewe unakufa. Unaosha, unasubiri, zinaning'inia tu, hazijanyooka wala hazijajikunja, na hakuna mafuta yatakayozifufua. Utazikata. Moto wa kuushinda ukungu wa Ibaba ndio huo huo wa kuua mkunjo. Shangazi alikuwa anaomba jambo la siku moja kwa nywele za misimu miwili.

Nikachagua upande wa Vero, kimya kimya, kama wanavyochagua watu waoga. Usiku wa kuamkia harusi nilimfunga uzi kichwa chote, ili zinyooke zenyewe kwanza na pasi ipate kazi ndogo. Alfajiri nikafungua. Zilikuwa safi na kavu kabisa; pasi haipiti juu ya uchafu wala unyevu. Nikapaka mafuta ya kukinga moto, tone la kupaka viganjani, siyo la kukaangia. Nikagawa mafungu membamba. Pasi yenyewe nyembamba, maana nywele fupi ziko karibu na ngozi na masikio ya bibi harusi yanatakiwa kanisani yakiwa mazima. Nikaibana kwanza kwenye kitambaa cheupe. Cheupe. Nikapita mara moja kila fungu, sikurudia. Mkono unaorudia ndio unaounguza kuliko pasi.

Shangazi aliingia nikiwa sikioni.

"Mbona haitoi moshi?"

"Ikitoa moshi tumeharibu, Shangazi."

"Pandisha."

Nikaona nimwonyeshe. Nikamwomba leso yake nyeupe ya harusi, nikapandisha pasi mpaka mwisho, nikaibana. Ikatoka na mstari wa hudhurungi katikati, na harufu juu. Nilidhani nimeshinda kesi. Shangazi akaitazama leso, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. "Nywele siyo leso," akasema. "Na leso utanilipa." Ninyi mnaoamini kwamba mtu akiona kwa macho anashawishika, bado hamjafanya kazi na wateja.

Hata hivyo zilinyooka, na zilipendeza. Tukapanda gari: Vero katikati, mimi upande mmoja, shangazi upande wa pili akilinda. Tunduma mpaka Mpemba kulikuwa kukavu, jua linachungulia, nywele zimelala shingoni kwa adabu. Tukakata kona kuelekea Ileje. Barabara ikaanza kupanda, na mbele yetu milima yote ilikuwa imefunikwa ukungu mweupe mpaka hauoni mashamba.

Shangazi alikuwa amejiandaa. Akatoa kwenye mkoba kofia ya nailoni, ile ya kuogea, akamvika Vero mpaka kwenye nyusi, akafunga vioo vyote, akamwambia dereva awashe hewa ya moto.

"Shangazi," nikasema, "ndani ya nailoni kichwa kitatoa jasho. Huo ndio mvuke tunaowapa wateja saluni."

"Dada Roda, wewe ni fundi wa nywele. Ukungu niachie mimi."

Tukapanda. Vioo vikaingia jasho, dereva akaingia jasho, kofia ya nailoni ikawa na matone ndani kama mfuniko wa sufuria ya wali. Nilikuwa naona yanavyodondoka, tone baada ya tone. Kwa miaka yote ya kazi sijaona kichwa kimepikwa kwa uangalifu namna ile.

Tulipofika Ibaba tulikaribishwa nyumba ya jirani wa wakwe, bibi harusi avalie hapo. Shangazi akafunga mlango, akamvika Vero gauni, kisha akamvua kofia. Nywele za Vero zikainuka zote kwa pamoja, taratibu, zikajikunja, zikakaa juu ya kichwa chake, nzima na zenye furaha, kama watoto waliofunguliwa darasa.

Shangazi hakulia. Afadhali angelia. Akafungua mkoba wangu, akatoa pasi, akatafuta soketi, akachomeka mwenyewe, akapeleka moto mpaka mwisho. Umeme wetu, ambao mnaujua tabia zake, unaokatika mtu akigusa tu shati la kwendea msibani, siku ile ulitulia kama maji mtungini. Taa ya pasi ikawaka nyekundu.

"Dada Roda, fanya kazi."

"Zimeloa. Nywele mbichi hazipigwi pasi, Shangazi. Maji yatachemkia ndani ya unywele."

"Basi zichemke, mradi zinyooke."

"Sifanyi."

"Nitafanya mimi."

Na angefanya. Alishaishika. Nje tulisikia kwaya ikijaribu sauti, na wanawake wakipiga vigelegele vya mazoezi. Vero alikuwa ameketi kwenye kigoda na gauni lake jeupe limemzunguka, nami nilijua pasi ile ikishuka mara moja tu, misimu yetu miwili imeisha. Vero akainua mkono, akauweka juu ya kichwa chake, kiganja wazi, katikati ya nywele na pasi.

"Shangazi, gauni ulichagua wewe. Keki ulichagua wewe. Hata wimbo wa kuingilia kanisani umechagua wewe, sikusema neno. Hiki kichwa niachie."

Shangazi akasimama na pasi hewani. Alipozungumza, sauti yake ya kusimamisha malori haikuwepo.

"Unadhani nakuonea? Mimi niliingia ukweni na nywele kama hizo. Wifi zangu wakaniuliza niko darasa la ngapi. Wakaniita Darasa la Ngapi mpaka nilipozaa. Sitaki wewe waje wakuite hivyo."

Nilimwonea huruma, ninawaambia wazi. Wiki nzima nilikuwa nimemfanya adui, kumbe alikuwa anapigana na watu wengine kabisa, ambao baadhi yao nadhani walikuwa wameshakufa.

"Wakiniuliza nitawajibu," Vero akasema.

"Utawajibu nini?"

"Nitawaambia nimemaliza."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Shangazi akanitazama vibaya, kisha mdomo wake nao ukamsaliti. Akachomoa pasi. Akaiweka dirishani, ukungu uipoze.

Nilifanya kazi kwa vidole tu. Maji kidogo ya kulainisha, mafuta ncha za vidole, nikapasua njia ya pembeni, nikakunja kila kishungi kikae kinapotaka kukaa, nikambana upande mmoja kwa ua jeupe. Pembeni mwa paji, pale palipokuwa na upara, niliacha zile laini zionekane. Nilitaka zihudhurie.

Mlangoni pa kanisa mama mkwe alimpokea, mwanamke mfupi mwenye mikono ya jembe. Akamtazama kichwani. Shangazi akaacha kupumua, mimi pia. Mama akagusa matone madogo ya ukungu yaliyokuwa yamekaa juu ya nywele. "Ukungu umekupokea kabla yetu," akasema, akamkumbatia.

Wakati wa chakula mama yule aliketi karibu nasi. "Mimi nilikuwa na hofu," akatuambia. "Asajile alituonyesha picha, binti ana nywele hizi hizi. Nikasema, hao wa bondeni wasije wakamgeuza geuza, nikashindwa kumtambua mkwe wangu mbele ya watu."

Shangazi Skola akasafisha koo. "Ndiyo maana mimi nilikataa kabisa asipigwe pasi," akasema.

Nikaendelea kutafuna nyama yangu.

Vero yuko Ibaba bado, na nywele zake zinafika mabegani akizivuta. Akitaka kuzinyoosha anazinyoosha, moto wa kiasi, mara chache kwa mwaka, akipima kwa kitambaa cheupe nilichomwachia. Ukungu unazirudisha siku hiyo hiyo. Ananiambia anafanya hivyo ili tu azione zikirudi.

Na mwaka huu, kahawa ikiwa imeanza kuiva, gari lilisimama hapa kwangu Isansa. Akashuka Shangazi Skola na kilemba kikubwa. Hakusalimia kwa kirefu. Akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akaangalia huku na huku kama kuna mtu, akafungua kilemba. Dawa ilikuwa imemla pembeni, kulia na kushoto, ngozi inang'aa. Alipitisha vidole pale palipokuwa wazi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekuwa mzee.

"Dada Roda," akasema, "una mkasi?"

Nikamwambia ninao. Nikamwambia pia kwamba nimestaafu.

"Sijakuuliza hilo." Akainamisha kichwa, akafumba macho kama mtu anayesubiri maji baridi. "Kata. Nataka zirudi."